Tusianze kusoma kwenye mstari wa 22

Mhariri,

Katika gazeti lako la Jumapili iliyopita ulichapisha barua ya msomaji aliyeeleza kwamba ndoa za Wakristo zinavunjika siku hizi kwa sababu wanawake wamesoma, wanapokea mishahara yao wenyewe, na wameliacha agizo la Mtume Paulo la kuwatii waume zao. Ndugu huyo aliutaja mstari wa 22 wa sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso mara nne. Mstari wa 21 hakuutaja, na wa 25 hakuutaja. Naamini aliandika kwa uchungu wa kweli, kwa kuwa hakuna anayefurahi kuona nyumba zikibomoka, lakini naomba nafasi nimjibu, kwa sababu fundisho analolitetea nimelitoa mimi mwenyewe kwa kinywa changu, kwa miaka mingi, nami nimeyaona matunda yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Morogoro. Mimi na mume wangu tumewafundisha wachumba kwa miaka 17 sasa. Tunakaa nao jioni sita katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, katika zile wiki ambazo matangazo yao ya ndoa yanasomwa ibadani. Tangu kabla ya hapo nilikuwa nikialikwa kumfunda bibi harusi katika sherehe hizi tunazoziita kichen pati, nami nilisema yale ambayo akina mama wengi husema wakipewa kipaza sauti: kwamba mume ni mtoto mkubwa na hulelewa, kwamba siri za ndani hazipelekwi barazani, kwamba mvumilivu hula mbivu, kwamba mwanamume ni kichwa, lakini mwanamke ni shingo, na shingo ndiyo inayokigeuza kichwa. Hilo la mwisho lilipigiwa vigelegele kila mara. Kisha nilifungua Biblia, nikasoma Waefeso 5 kuanzia mstari wa 22, nikaifunga nilipomaliza wa 24.

Miaka 11 iliyopita alikuja nyumbani kwangu binti mmoja niliyekuwa nimemfunda. Alikuwa muuguzi, ameajiriwa, yumo katika mwaka wa tatu wa ndoa yake. Alianza kwa kuniambia, "Mwalimu, mimi sipigwi." Lakini kadi yake ya benki alikaa nayo mumewe, pamoja na namba ya siri, na kila asubuhi binti yule alikuta juu ya kabati la vyombo nauli ya daladala, ya kwenda na ya kurudi, imehesabiwa. Usiku mmoja zamu yake ilichelewa kwisha kwa sababu ya mzazi aliyekuwa akitokwa damu, akatoka nje akakuta daladala zimekwisha, na kwa kuwa hakuwa na fedha ya bodaboda alitembea gizani zaidi ya saa moja hadi nyumbani. Alipomweleza mumewe kwamba anahitaji kuwa na akiba kidogo mkobani, alijibiwa kwamba mwili una kichwa kimoja, na kichwa ndicho kinachofikiri. Basi akaja kwangu kuuliza kama ndivyo Neno linavyosema. Nilimkumbusha Mithali 14, kwamba mwanamke mwenye hekima hujenga nyumba yake; nikamwambia aombe, na amtii mumewe kama kumtii Bwana. Alivitazama vidole vyake kwa muda, akasema, "Asante, Mwalimu," akajitanda kanga yake akaondoka.

Asante ile ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilimtafuta baadaye nikamwomba radhi, naye alinisamehe. Lakini miaka ile aliyoishi kwa nauli ya kuhesabiwa siwezi kumrudishia.

Ndipo nilipoketi kuisoma sura hiyo upya, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwataka wanafunzi wangu wasome kifungu cha ufahamu kabla ya kujibu maswali. Mstari wa 21, katika Biblia yetu ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, unasema: "hali mkinyenyekeana katika kicho cha Kristo." Nilikuwa nimefundisha kauli ya kutendana kwa zaidi ya miaka 30, pigana, saidiana, pendana, na sikuwahi kukitazama kiambishi cha -an- kilipokaa ndani ya neno hilo. Mtu hawezi kunyenyekeana peke yake, kama asivyoweza kupigana peke yake. Kitendo hicho kinadai watu wawili, kila mmoja akimtendea mwenzake. Lugha yetu katika jambo la ndoa imezoea kuwagawa wawili hawa, mmoja anaoa na mwingine anaolewa, mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa. Lakini hata lugha hiyohiyo ina neno la tatu, kuoana, nasi tunalitumia bila kulifikiria.

Mchungaji aliyesoma Kiyunani alinionyesha jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kuliona kwa macho yake. Katika nakala mbili za kale sana za waraka huu, ile ya mafunjo inayokadiriwa kuwa ya mwaka 200 hivi na ile ya karne ya 4 iliyohifadhiwa Vatikano, mstari wa 22 hauna kitenzi kabisa. Unasema tu, "wake kwa waume zao wenyewe, kama kwa Bwana," na kitenzi chake unakiazima kutoka mstari wa 21. Nakala nyingine zinacho, lakini hata hizo zinarudia kitenzi kilekile. Maana yake ni kwamba lile linaloombwa kwa mke ni lilelile ambalo Wakristo wote wametoka kuombwa wafanyiane. Katika Kiswahili chetu kitenzi hicho kimoja kimegawanyika kuwa viwili: kwa wote "mkinyenyekeana", kwa wake "watiini". Tena mbele kidogo, katika sura ya sita, watoto wanaambiwa "watiini wazazi wenu", na watumwa wanaambiwa wawatii mabwana zao. Huko Kiyunani kimebadilisha kitenzi, kikatumia kile cha kusikia amri na kuitekeleza, lakini sisi tumebaki na neno lilelile. Kwa hiyo sikio la Mswahili linapoisikia sehemu hii ikisomwa, linamsikia mke, mtoto na mtumwa wamesimama katika foleni moja, wakipewa amri moja, ilhali Paulo aliwapa watoto na watumwa neno moja na wake neno lingine.

Sisemi kwamba wafasiri walikosea. Walifanya kazi kubwa ya kuleta pamoja Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja katika kitabu kimoja, na neno lile la Kiyunani linaweza kweli kufasiriwa kuwa kutii. Luka analitumia anaposema kwamba Yesu akiwa kijana wa miaka 12 alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti akawa anawatii. Ninachosema ni kwamba sisi walimu, wachungaji na akina mama tunaofunda mabinti tulipaswa kulieleza jambo hili, na badala yake tumekata sentensi ya Paulo katikati. Namba za mistari hakuziweka yeye. Ziliwekwa na mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551, na katika Biblia yangu mimi kuna hata kichwa kidogo cha habari kilichopachikwa kati ya mstari wa 21 na wa 22, kama ukuta. Angalieni karatasi za ratiba ya ibada za harusi: mara nyingi somo limeandikwa Waefeso 5:22–33. Ndugu zetu Wakatoliki katika hili wametutangulia, kwa sababu somo lao la Jumapili ya 21 ya Mwaka B, katika mzunguko wao wa masomo wa miaka mitatu, linaanzia mstari wa 21, na Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya tarehe 15 Agosti 1988 kuhusu heshima ya mwanamke, alifundisha wazi kwamba unyenyekevu huo ni wa pande zote mbili, si wa mke peke yake.

Sasa nije kwa neno kichwa, ambalo najua msomaji mwenzangu atanishika nalo. Silifuti. Limeandikwa kwamba mume ni kichwa cha mkewe, nami naliamini. Lakini Paulo hakuacha neno hilo litembee ovyo, kila mwanamume alijaze anachotaka, alilifungia maana palepale: "kama Kristo naye ni kichwa cha Kanisa, naye ni mwokozi wa mwili." Kisha akawageukia wanaume akasema, "Enyi waume, wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake." Hesabuni wenyewe. Wake wamepewa mistari mitatu, waume wamepewa tisa, na ni mwishoni kabisa mwa ule wa tisa ambapo mke anatajwa tena, kwamba asikose kumstahi mumewe. Mimi nilikuwa nikisoma mitatu na kuiacha tisa. Mwalimu anayefundisha robo ya mtaala na kuwatungia wanafunzi mtihani wa wote, tunamwitaje?

Tukumbuke waraka huu uliandikiwa watu gani. Katika miji ya dola ya Rumi, Efeso ikiwamo, baba mwenye nyumba ndiye aliyesemeshwa. Aristotle, karne kadhaa kabla ya Paulo, alikuwa ameipanga nyumba katika jozi tatu, mume na mke, baba na watoto, bwana na watumwa, na swali lake lilikuwa namna mwanamume anavyopaswa kuwatawala hao wote. Paulo anazichukua jozi hizohizo tatu, lakini anaanza kwa kuzungumza na mke, na mtoto, na mtumwa, ana kwa ana, kama watu wenye dhamiri zao; na akimfikia yule mume aliyezoea kuambiwa atawale, anamwambia apende, ajitoe, alishe, atunze. Nimelitafuta Agano Jipya lote na sikuona mahali hata pamoja ambapo mume anaagizwa amtiishe mkewe. Kila mmoja ameandikiwa barua yake. Tatizo letu ni kwamba mume anaifungua ya mkewe na kuisoma kwa sauti, na mke vilevile anaijua ya mumewe kwa moyo, na ya kwake kila mmoja ameiacha ndani ya bahasha.

Bwana mwenyewe alipowaeleza wanafunzi wake jinsi wakuu wa Mataifa wanavyowatawala watu kwa nguvu, aliongeza, "Lakini haitakuwa hivyo kwenu." Na usiku ule wa mwisho alijifunga kitambaa kiunoni, akamimina maji katika bakuli, akaosha miguu ya watu wazima, mmoja mmoja, na Petro alipoona haya akakataa, alimwambia kwamba asipomwosha hana shirika naye. Huyo ndiye kichwa tulichopewa kuwa kielelezo. Mwanamume anayesema kwamba kuosha vyombo kunamshushia ukichwa wake anasema jambo ambalo Kristo hakulisema, tena jambo ambalo Kristo alilikanusha kwa mikono yake.

Mwaka 1994 nilijifungua mtoto wetu wa pili kwa operesheni, na wiki nne sikuweza kuinama. Tulikuwa tukiishi katika nyumba za walimu, na bomba la maji lilikuwa moja kwa nyumba zote. Mume wangu alikuwa akiamka alfajiri, anabeba ndoo ya nepi, anazifua bombani kabla ya kwenda kazini. Siku moja akina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji walisema, kwa sauti ya kutosha ili asikie, kwamba yule baba amelishwa limbwata. Nilikuwa dirishani, niliwasikia nami, nikaona mkono wake unasimama juu ya beseni. Kisha akaendelea kukamua, akazitikisa moja moja, akazianika kwenye kamba mbele yao wote. Hatukulizungumza siku ile wala siku nyingi baadaye. Miaka mingi ilipita ndipo nikajua kwamba Martin Luther, baba wa kanisa letu, mwaka 1522 aliandika katika andiko lake kuhusu maisha ya ndoa kwamba baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wakamcheka na kumwita mjinga, Mungu pamoja na malaika zake wote wanatabasamu. Nilimsomea mume wangu maneno hayo jioni moja tukiwa mezani. Alivua miwani yake, akaifuta, akaniomba nimsomee tena.

Ndugu yangu mwandishi alisema kwamba mshahara wa mwanamke ndio unaoharibu. Hapo nasema kwa heshima kwamba Biblia haiko upande wake. Mke mwema wa Mithali 31 "huangalia shamba, akalinunua," na haikuandikwa kwamba aliomba ruhusa ya kushika fedha zake. Priskila alikuwa fundi wa kushona hema pamoja na mumewe Akila, na wote wawili walimchukua Apolo, mtu hodari katika maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Yesu mwenyewe na wale kumi na wawili, kwa habari ya Luka sura ya nane, walihudumiwa na wanawake kwa mali zao, akiwamo Yoana mke wa Kuza, wakili wa Herode. Bwana wa mbingu na nchi hakuona aibu kula mkate ulionunuliwa kwa fedha ya mwanamke. Na Luther, ambaye alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, alimwachia mkewe aendeshe shamba, mifugo, utengenezaji wa bia na nyumba iliyojaa wageni pale Wittenberg, na katika wosia wake wa mwaka 1542 akamfanya mrithi wake, kinyume cha desturi ya wakati ule ya kumweka mjane chini ya wasimamizi.

Kuna andiko moja gumu zaidi kuliko Waefeso, nami sitaki kulikwepa. Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anawaambia wake wawatii waume zao kama vile Sara alivyomtii Ibrahimu, akamwita bwana, na hapo kitenzi cha Sara ni kile kizito, cha kusikia na kutekeleza. Nakubali. Lakini anayemtaja Sara na amtaje hadi mwisho, kwa sababu katika Mwanzo 21 ni Mungu anayemwambia Ibrahimu, "kila akuambialo Sara, sikiza sauti yake." Katika nyumba ile kusikilizana kulikwenda na kurudi. Na Petro huyohuyo, akimaliza na wake, anawaambia waume wakae na wake zao kwa akili, wawape heshima, kwa kuwa ni "warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Kila mara ninaposoma maneno hayo ya mwisho mbele ya wachumba chumba kinakuwa kimya. Nimewafahamu wanaume wa maombi, wanaofunga, wanaokesha, wanaopiga magoti hadi suruali zinachakaa, ambao wake zao wanawaogopa. Petro anasema kuna kitu kinachoyazuia maombi hayo, na kitu hicho kimelala nao kitanda kimoja, kimegeukia ukutani.

Wala sisemi hili ili kuwapa wanawake silaha. Neno la kunyenyekeana linatukata na sisi. Mke anayemtukana mumewe mbele ya watoto, au anayemlinganisha na shemeji yake mwenye gari, hamstahi, na hilo nalo limeandikwa. Na kuna jambo ambalo nimeliona likikua katika miaka hii ya karibuni mpaka linanitisha: wanawake wanaochukua kwa siri mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, mkopo wa kulipa mkopo, hadi siku watu wanapokuja kubeba televisheni na kochi na mume anauliza kuna nini. Tunawalaumu, na kosa lipo. Lakini mimi huwa najiuliza ni nani aliyewafundisha siri. Ni sisi, kwenye kichen pati, tuliposema kwamba shingo ndiyo inayokigeuza kichwa. Tulimwambia binti kwamba kusema wazi ni ukaidi, na kwamba hekima ya mwanamke ni kupitisha jambo lake kwa chini bila mume kujua. Fundisho lile lilionekana kumpa mwanamke nguvu, kumbe lilimnyima kinywa likampa hila. Paulo hakusema lolote kuhusu shingo.

Vijana wa kiume huniuliza swali moja kila mwaka: mkishindwa kukubaliana, nani ana neno la mwisho? Huwajibu kwa yaliyotupata sisi. Mwaka 2006 mume wangu alitaka tuuze kiwanja chetu anunue pikapu ya kubebea mazao, mimi nilikataa. Miezi minne hatukuuza na hatukununua. Tuliomba pamoja kila jioni, na nyingine za jioni hizo tulikuwa tumenuniana, tukimwomba Mungu kwa zamu bila kutazamana. Mwishoni aliniambia kwamba hawezi kuliendesha gari ambalo mke wake amelilipia kwa machozi, akaliacha jambo hilo. Miaka miwili baadaye mimi nilitaka kuacha kazi nifungue shule ya chekechea. Yeye akaona muda bado, nami nikaliacha. Hadi leo sijui kama pikapu ile ingetuletea faida, wala kama shule ile ingesimama. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeshindwa kati yetu. Paulo, akiwaandikia Wakorintho hata kuhusu jambo la ndani kabisa la ndoa, anasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe, na vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe, na kwamba wakiacha kwa muda ili wasali, waache kwa kupatana. Ikiwa huko wanapaswa kupatana, kiwanja ni nini?

Naandika haya kwa msisitizo kwa sababu fundisho nusu lina madhara yanayohesabika. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na kwamba asilimia 58 ya wanawake, zaidi ya wanaume, walikubali kwamba yako makosa ambayo yanampa mume haki ya kumpiga mkewe. Mwanamke hazaliwi akiamini hivyo. Kuna mtu alimfundisha, na wengine kati yao walifundishwa na watu kama mimi, Biblia ikiwa mkononi. Serikali ilishasema tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, desturi yoyote iseme vinginevyo; na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Inaniuma kwamba mahakama ililitamka hilo kabla sisi wenye Waefeso 5 hatujalitamka madhabahuni.

Ombi langu kwa wachungaji, mapadri, wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama tunaofunda mabinti ni dogo sana. Somo la harusi na lianzie mstari wa 21. Bwana harusi na afundwe kama bibi harusi anavyofundwa, na afundwe na wanaume waliokwisha kuisoma mistari yao tisa na kuiishi. Na binti akija jioni kuuliza kama ndivyo Neno linavyosema, asirudishwe na mstari mmoja.

Katika darasa letu sasa jioni ya kwanza kila mmoja anasoma sehemu yake mwenyewe kwa sauti, mwenzake akisikiliza. Wiki iliyopita alianza binti, akasoma mistari yake mitatu, akaipitisha Biblia. Kijana, ambaye ni fundi wa pikipiki na alikuja moja kwa moja kutoka gereji akiwa bado na oili kwenye kucha, alianza wa 25, akaenda taratibu akifuatisha kwa kidole ili asichafue karatasi, na alipofika wa 29 akanyanyua macho akaniuliza, "Mwalimu, mistari yote hii ni yangu?" Nilimwambia ni yake yote. Mume wangu akampa maji, akanywa, akaendelea kusoma.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro